Duma wamenipasua masikio leo

Jioni hii kwa matatu nikitoka kazi beshte akanitupia albamu ya bendi ya metali inayoitwa Duma, ile ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Kwenye albamu hiyo Duma ni Martin Kanja na Sam Karugu wa hapa Nairobi, na mimi nimekuwa nikikesha na deathcore (aina ya metali kali) ya Marekani tu, bendi kama Lorna Shore na wenzao.

Wueh!

Hakuna brekidauni, vile vipande vizito vya polepole vya kutikisa kichwa, dramu ni za mashine zinakimbia hadi zinageuka kelele moja, halafu Kanja anapasua sauti nyembamba ya kukwaruza koo mpaka nikajishika shingo. Mathe wa kiti cha kando akaniuliza, "Uko sawa, kijana?" 😂

Gitaa limezama kiasi, kwangu lingepanda juu.

Nani mwingine hapa kwetu anapiga metali kali hivi? Nitupieni majina.