Kikopo kilichoandikwa "asili tupu"

Jumamosi, usiku.

Mdogo wangu ameniomba vidonge vyangu vya kupunguza unene vilivyobaki. Harusi yake ni Desemba na gauni linambana. Nimekitoa kile kikopo kabatini, nikahesabu: 19. Mbele kuna majani ya kijani na maneno "asili tupu". Nyuma hakuna jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo.

Wiki ya kwanza nilivipenda. Njaa ilikatika kabisa. Napita soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, sato wanakaangwa, hata mate hayanitoki. Kinywa kilikauka, usingizi ukapotea, nikajipa moyo kwamba ndiyo mafuta yanayeyuka. Siku ya 11, napanda mlima kurudi nyumbani Mabatini, moyo ukaanza kwenda mbio mpaka nikakaa juu ya jiwe. Mama muuza mihogo akanishika mkono. "Dada, jasho gani hili?" Presha ilipopimwa ilikuwa 168 kwa 104.

Daktari aliuliza, "Umekunywa dawa gani?" Nikataja jina la kikopo. "Hilo ni jina la biashara. Ndani kuna nini?"

Nilinyamaza. Unga wa ugali nauchunguza kabla ya kununua, lakini hiki nilikimeza kila asubuhi.

Akanieleza habari za sibutramini. Ilikuwa dawa ya kukata hamu ya kula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta imefichwa ndani ya vidonge na chai vinavyouzwa kama mitishamba. Kinywa kukauka, kukosa usingizi, presha kupanda: yote hayo ni madhara yake. Kikopo changu hakijapimwa, kwa hiyo simsingizii aliyeniuzia.

Wifi yangu wa Dar anachoma sindano ya semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito aliyoandikiwa na daktari. Naye kichefuchefu kilimtesa. Lakini alianzishiwa miligramu 0.25 kwa wiki, akaambiwa mapema kuhusu kutapika, mawe ya nyongo na kongosho kuvimba, na kwamba tumbo likimkata sana bila kuacha asisubiri kesho. Alijua anachoma nini. Mimi nilipoulizwa sikujua.

Mdogo wangu nimemjibu hapana, amenuna. Kikopo nimekifunga kwenye mfuko, nimekiweka kwenye mkoba wa kazini. Jumatatu nakipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ofisi yao ya hapa Mwanza.