Vichwa saba, Jumamosi moja

Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo hapa Kigoma, misa saa 4 asubuhi. Kamati ilipogawana kazi, kaka alichukua ukumbi, mjomba vinywaji, mimi nikaambiwa "wewe shika hayo ya nywele", kama mtoto anayekabidhiwa vijiko. Sikubisha. Hawa hawajawahi kumngoja mtu anayesukwa rasta ndogo.

Halafu nina deni na harusi yangu. Nilifumua rasta Alhamisi, nikajikuna usiku kucha, Ijumaa nikaenda kutia dawa ya kulainisha nywele kwenye saluni ambayo sitaitaja. Kama umewahi kutia dawa juu ya ngozi iliyochubuka unajua ninachosema: pilipili kwenye kidonda. Aliyekuwa ananitengeneza akaniambia nivumilie, bado hazijalainika. Jumamosi nyuma ya sikio la kulia pana gamba, na pini zikachomekwa hapo hapo. Kwenye picha zote nimelaza shingo. Mama mkwe huwaonyesha wageni: "Mwone alivyokuwa na haya."

Kwa hiyo huyu mdogo wangu tumeanza naye miezi miwili nyuma. Kicheni pati aliihudhuria na rasta, akafumua, nikamnyima dawa wiki mbili nzima mpaka ngozi ipoe. Dawa yenyewe imegusa nywele mpya tu zilizoota, na kabla ya hapo nilimpaka mafuta ya mgando masikioni na pembeni mwa uso. Alitaka na rangi nyekundu juu yake. Nikakataa, dawa na rangi kwa mpigo ni kuzikata nywele kwa mkono wako. Amenuna, ila nywele ziko kichwani.

Msusi wetu ni mama wa Kikongo aliyevuka ziwa zamani, ana kiti Mwanga. Mara ya kwanza tulienda kujaribu mtindo bila shela. Kosa. Akabana juu, pakapendeza, tumefika nyumbani kitana cha shela hakina pa kushika. Tukarudi na shela kwenye mfuko wa plastiki, akafumua chote akashusha fundo kisogoni. Ndiye aliyetuambia pia kwamba nywele zisioshwe asubuhi ya harusi: "Pini itateleza kama mgebuka." Basi zitaoshwa Ijumaa mchana, rola, draya, kitambaa, alale. Na hapo nimeupiga chenga umeme. Ukikatika Jumamosi, kutoa rola na kubana hakuhitaji swichi.

Jumamosi yenyewe nimeihesabu kinyumenyume. Kutoka nyumbani saa 3 na nusu, kuvaa nusu saa, mekapu saa nzima, kubana saa moja na nusu. Maana yake saa 12 na nusu bibi harusi yuko kwenye kiti, mimi nimemwambia saa 12 kamili kwa sababu namjua. Avae shati la vifungo. Usicheke, nimeshaona mtu anakatwa fulana kwa mkasi ili asivuruge kichwa. Kurudi ni bajaji, bodaboda hapana.

Wengine wote wamalize Ijumaa. Mama anasukwa twende kilioni chini ya kilemba, hana makuu. Wifi anavaa wigi, Mungu ambariki. Wasichana watatu wa kusindikiza wanataka rasta za kufanana, na kila kichwa kinachukua saa 5 au 6 kwa msusi mmoja, kwa hiyo wanaanza Jumatano, mmoja kwa siku. Mimi nitasukwa Jumanne, nikiwa bado na akili.

Kinachonitia tumbo joto ni mpiga picha. Anataka picha za ufukweni kabla ya ukumbini, mchana, upepo wa Tanganyika ukiwa umeshaamka. Nimenunua pini nyeusi pakiti mbili na sprei, na shela nitaishika mwenyewe kwa nyuma, anikate kwenye picha akitaka.

Nilikuwa nimefika hapa nikijisifu, simu ikaita. Shangazi wa Kasulu. Anafika Ijumaa jioni na binti zake wawili.

"Mmesukwa, shangazi?"

"Tusukwe huku kwa nini, na wewe ndiye umeshika nywele?"