Nilivyojifunza kusoma hataza za betri nikiwa fundi sola

Mwaka jana mwezi wa sita mteja wangu mmoja, kinyozi, yuko kisiwani huko upande wa Ukerewe, alinipigia simu mara ya tatu ndani ya wiki mbili kwamba betri imezima tena saa mbili usiku, na kuna mtu kakaa kwenye kiti kanyolewa nusu kichwa. Betri yenyewe mpya kabisa, ile imeandikwa kwenye boksi LiFePO4 12.8V 100Ah, yaani betri ya litiamu ya chuma na fosfeti, tulitoa betri mbili za maji zilizokufa tukamuwekea hiyo, na hela yake aliikusanya kwa miezi mingi. Mimi niko Mwanza, kwenda kule ni kivuko na siku nzima imeisha. Kila akinipigia namwambia weka multimita hapo kwenye betri unisomee, ananisomea 13.0, namjibu ndugu yangu hiyo betri imejaa, angalia inveta. Anabadilisha waya za inveta, kesho yake inazima tena.

Kwa aliyezoea betri za maji jibu langu linaeleweka, maana betri ya maji ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.7, ikifika 12.1 hivi ujue imeshaliwa nusu, kwahiyo ukiona 13.0 huwezi kuwaza kwamba imeisha. Nimefanya kazi hii miaka tisa na volti ndo ilikua macho yangu. Sasa hapa macho yakawa yananidanganya na mteja anaanza kuniona tapeli, na hiyo iliniuma kuliko hela.

Dukani kulikua na kijana wa field, anasoma chuo, mpole sana. Akaniuliza, kaka, ushawahi kuangalia hataza ya hiyo betri? Nikamwambia hataza ni nini, akanieleza ndo ile watu wanaita patenti. Mimi nilijua hayo ni mambo ya mawakili na makampuni makubwa, ukigusa unashtakiwa. Akasema hapana, iko hivi: serikali inamwambia mgunduzi tueleze kitu chako chote kinavyofanya kazi, kiasi kwamba fundi mwenzako akisoma aweze kukitengeneza, na sisi tutamzuia mtu mwingine asikifanyie biashara, mara nyingi miaka 20 toka siku ulipopeleka maombi, muda ukiisha ni cha wote. Na hata kabla haujaisha, kuisoma ni bure kwa mtu yeyote duniani. Nilikaa kimya kwanza. Miaka yote tisa nimekua nikitafuta video za watu wanaobahatisha kumbe waliokitengeneza kitu walilazimishwa na sheria waandike, na maandishi yapo hapo kwenye simu yangu.

Akanionyesha tovuti mbili za kutafutia hataza, Google Patents na Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya. Ya betri zetu hizi ukiandika US 5910382 inakuja moja kwa moja. Ni ya John Goodenough na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, iliombwa 1997 ikatolewa 1999. Huyu mzee ndiye aliyepewa Nobeli ya kemia 2019 pamoja na Whittingham na Yoshino akiwa na miaka 97, na kazi yake ya mwanzo kule Oxford mwaka 1980 ndo ilizaa zile betri za kobalti ambazo Sony waliziingiza sokoni 1991, za simu na laptopu. Baadaye akatafuta kitu cha bei nafuu kuliko kobalti akaja na chuma na fosfeti.

Kusoma kwenyewe ilikua kazi. Usiku wa kwanza nilianza juu kabisa nikasoma ukurasa mmoja mara nne sijaelewa kitu, kizungu chake ni cha kisheria, sentensi moja inaweza kujaza nusu ukurasa, na ukiiweka kwenye programu ya kutafsiri inakuletea maneno hayana kichwa wala miguu. Nilichokuja kugundua ni kwamba hataza haisomwi toka juu kwenda chini. Anza na sehemu ya usuli, pale mgunduzi anapoeleza vitu vya zamani vilikua na shida gani, hapo kizungu kinakua cha kawaida kabisa maana analalamika kama fundi anavyolalamika. Afu nenda kwenye michoro. Afu mifano, yaani pale anaposema tulichukua hiki tukachanganya na hiki tukapima tukapata hiki. Madai, ile orodha yenye namba mwishoni, hayo ndo mipaka ya shamba lake, mawakili wanagombania hapo, fundi unaweza kuyaacha mpaka siku unataka kujua kama unaingilia kitu cha mtu. Na namba ya hati ikiishia na A1 ujue mara nyingi hayo ni maombi tu yametangazwa, hayajakubaliwa, watu wengi wanaona A1 wanadhani mtu tayari ana haki.

Kuna maneno yalinikwamisha kabisa, hasa pale anaposema habari za ayoni za fosfeti. Nikachukua daftari nikaenda kwa mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani, jioni, yuko kibarazani anasahihisha mitihani. Shikamoo mwalimu. Marahaba, fundi, umeme umeharibika? Nikamwambia hapana, nimekuja kama mwanafunzi. Akavua miwani akaisoma ile karatasi kama dakika kumi hajasema neno, afu akaniambia tazama, kwenye betri ya kobalti oksijeni imeshikwa kilegevu, ikipata joto kali inaachia, na oksijeni ikiachiwa ndani ya betri yenye vitu vinavyowaka unajua kinachofuata. Hapa oksijeni imeshikwa na fosforasi, na fosforasi haiachii kirahisi. Nimeuza hizi betri nikiwaambia watu hazilipuki ovyo kwasababu ndivyo nilivyoambiwa na aliyeniuzia, siku hiyo ndo nikajua kwanini, na kujua kwanini ni kitu kingine aisee.

Ila kilichomaliza shida ya kinyozi ni mchoro. Kwenye ile hati kuna grafu ya volti wakati seli inachajiwa na inapotumika. Mstari wa betri ya maji mimi naujua, unashuka kama kilima cha taratibu, ukisimama popote unajua uko wapi. Huu mstari umelala. Unaanza, unakaa kwenye kama volti 3.4 ukipimwa na litiamu tupu, unaenda umelala hivyohivyo karibu safari nzima, mwishoni unaporomoka kama mtu kadondoka kwenye gati. Niliuangalia ule mstari nikapiga hesabu za seli nne zilizofuatana, maana ndani ya betri ya kinyozi zimo nne, nikaona mara moja: 13.0 inaweza kua betri iliyobakiwa na robo au chini ya hapo, na 13.2 inaweza kua nusu. Yule bwana alikua ananisomea ukweli, mimi ndo nilikua nautafsiri kwa kamusi ya betri ya maji.

Kwahiyo betri ilikua inaisha kweli. Swali likawa inaishaje saa mbili usiku wakati paneli zake mbili za wati 200 zinatosha kuijaza? Nikapanda kivuko.

Kule nilikuta mambo mawili na yote yangu. La kwanza kontrola, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, niliiacha kwenye mpangilio wa betri za maji, ule ambao kila baada ya muda unapandisha volti juu kuchemsha maji ya betri, hizi hazihitaji kitu hicho kabisa. La pili nilifungua boksi nikapima seli moja moja wakati jua linawaka: moja iko 3.65, zingine tatu ziko 3.35 hivi. Ukijumlisha ni 13.7, haijafika popote, lakini BMS, ile bodi ndogo ndani ya boksi inayolinda seli, ikiona seli moja imefika 3.65 inakata chaji kulinda hiyo moja, kwahiyo saa tano asubuhi betri imeshafunga mlango na seli tatu zina njaa, jua lote la mchana linapotea. Kila siku hivyohivyo.

Nilichofanya: nilichaji betri mpaka pale BMS inapokata, nikaitoa BMS, nikahakikisha seli zote volti zinakaribiana, nikazifunga sambamba zote nne, chanya na chanya hasi na hasi, nikaweka chaja ya mezani ambayo nimeshaipanga 3.6 KABLA ya kuunganisha (hapo usikosee, ukiunganisha kwanza ndo upange unaweza kuua seli) nikaziacha usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata niko hapohapo nazilinda, mpaka ampea zikashuka karibu na sifuri. Nikazirudisha mfuatano, BMS mahali pake, kontrola nikaipanga 14.2 ya kujaza na 13.5 ya kushikilia, ile ya kuchemsha nikaizima. Afu nikamfungia mita yenye shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, maana kwa mstari uliolala vile kuhesabu ndo njia, volti haitakwambia. Toka siku hiyo anafunga duka saa nne usiku kwa hiari yake.

Baada ya hapo nikawa nasoma hataza kama wengine wanavyosoma magazeti. Nilitaka hata kujua ule unga wa chuma na fosfeti wa ndani ya seli unapikwaje, na ipo, ni oveni ya nyuzi kama 800 na gesi ya kuzuia hewa ya kawaida isiingie, kwahiyo mtu asije akawaza kuijaribu nyuma ya nyumba, ni ya kiwanda hiyo.

Kuna sehemu nilikosea na nataka niiseme vizuri kwasababu vijana wengi wataikosea. Nilibuni bati mbili zenye springi za kubana seli za mstatili zisivimbe, nikafurahi, nikapiga picha nikarusha kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi na maelezo yote. Wiki tatu baadaye ndo nikaanza kuulizia habari za kusajili, kwetu Tanzania hataza ziko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kuna ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, pale Harare ambapo ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Yule kijana wa field akanambia kaka, ulishaitangaza. Sharti kubwa la hataza ni kitu kiwe kipya, na kwa nchi nyingi ukishakionyesha hadharani mwenyewe upya umeisha.

Akanipa mfano nisioweza kuusahau. Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT kule Marekani, wale waliotengeneza RSA, ile njia ya kufunga siri kwa namba kubwa ambayo ilikuja kulinda mambo mengi sana ya intaneti. Kazi yao ilichapishwa kwenye jarida la sayansi Agosti 1977, maombi ya hataza yakaenda Desemba mwaka huohuo. Sheria ya Marekani iliwapa mwaka mmoja wa kujitetea baada ya kutangaza, wakapata hataza yao 1983. Nchi nyingine nyingi hazina huruma hiyo, kwahiyo nje ya Marekani hawakuipata, yaani ugunduzi mkubwa vile ulikua na mlinzi nchi moja tu. Na hata huko, tarehe 6 Septemba 2000, wiki mbili kabla muda haujaisha, kampuni yao ikaiachia iwe ya wote. Kama wale wa MIT miezi michache iliwafungia milango ya dunia, mimi na picha zangu ningesema nini.

Nikatafuta kwenye Espacenet hata hivyo, kwa wiki mbili hivi, kila usiku maneno tofauti maana kitu kimoja watu wanakiita majina kumi. Nikakuta hati kadhaa za kubana seli kwa bati na springi. Kwahiyo hata nisingeitangaza isingekua mpya. Niliumia siku moja, ila nilipofungua ile ya zamani kuliko zote nikaona mwenyewe kafikiria kitu ambacho mimi sikukiwaza: springi zake ziko kwenye pembe nne, za kwangu zilikua katikati, na anaeleza kwamba ukibana katikati pembeni panabaki legevu. Nikaenda sehemu ya hali ya kisheria, imeandikwa muda umeisha. Nikauchora ule mchoro kwenye daftari na vipimo vya seli zangu, asubuhi nikaupeleka kwa fundi wa kuchomelea pale jirani, na mpaka sasa tumeshatoa maboksi manne, la kwanza liko kisiwani kwa kinyozi.