Paswedi ya mama wa masjala

Nilipoajiriwa serikalini nilidhani usalama wa mifumo ni kazi ya kushinda na mashine. Miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo kweli: kusoma logi za seva (kumbukumbu za nani kaingia, lini, kafanya nini), kuziba mianya, kubishana na wazabuni. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakuna anayekishukuru.

Mei 2017 kikaja kirusi cha WannaCry, kile kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa. Microsoft walishatoa sasisho tangu Machi, lakini kwetu kulikuwa na kompyuta ambazo hakuna aliyezigusa. Wikiendi nzima tulipita chumba kwa chumba. Jumatatu bosi akaniagiza nikawafundishe watumishi wasifungue viambatisho wasivyovijua. (Kirusi kile hakikuhitaji mtu abofye chochote, kilijipenyeza chenyewe. Lakini bosi ni bosi.)

Somo langu la kwanza lilikuwa aibu. Slaidi 40, "nywila", "logi" na "enkripisheni" kila mstari, watu macho kwenye sambusa. Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja wa masjala akanyoosha mkono: "Mwanangu, hiyo logi si ndiyo daftari letu la kuandikia majalada yanayotoka?"

Ndiyo yenyewe! Masjala wanaandika jalada limetoka lini, limekwenda kwa nani, limerudi lini. Wana masjala ya wazi na masjala ya siri, na anayeingia ile haingii hii. Na karani mzuri hatoi jalada la siri eti kwa sababu mkubwa kapiga simu. Mambo niliyoyasomea chuoni kwa miaka, yule mama alikuwa akiyafanya kwa kalamu na daftari.

Slaidi nikazitupa. Siku hizi nikienda kufundisha nabeba majalada matupu na daftari. Naanza na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", maana hakuna asiyeipata, na wengi hawajui kwamba unaweza kuipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Baada ya hapo hawanyamazi. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 swali kubwa ni kama nakala ya kitambulisho cha mwananchi inaruhusiwa kupita WhatsApp. Kwa swali hilo tunaweza kumaliza saa nzima, na posho hakuna.

Mwezi uliopita akaunti ya yule mama iligoma. Nilikuwa na kazi tatu mkononi, nikampigia.

"Shikamoo mama. Hebu nitajie paswedi yako niangalie haraka haraka."

"Marahaba. Sikutajii."

"Mama, ni mimi."

"Nimekusikia. Ulisema hata ukiwa wewe. Panda huku juu, nitaiandika mwenyewe na wewe utageukia dirishani."

Nikapanda ngazi, ghorofa ya tatu. Alikuwa ameshaniwekea kiti, kimeelekezwa dirishani.