Mafuta ya shea yalivyonifunza kupima upya: uzoefu wangu Tanga

Nyumbani kwetu Ngamiani tulikulia kwenye mafuta ya nazi, ambayo shangazi yangu hadi leo huyapika mwenyewe kwa tui zito mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Nami nilikuwa nikitengeneza sabuni kwa mafuta hayo hayo. Kilichonipeleka kwenye mafuta ya shea, yale mazito yanayotolewa kwenye kokwa za mti wa mshea, ni visigino vyangu, vilivyokuwa vimepasuka hadi vinanasa shuka usiku.

Mshea hauoti pwani yetu. Ni mti wa ukanda wa savana unaoanzia Senegali hadi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, kwa hiyo kila kopo linalofika Tanga limepita mikono mingi. Kopo langu la kwanza nililinunua Dar es Salaam, jeupe pe, lisilo na harufu yoyote, nikaambiwa kuwa ndiyo asili yake. Baadaye nilielewa kwamba weupe wa namna hiyo na ukosefu wa harufu ni dalili za mafuta yaliyosafishwa kiwandani. Yasiyosafishwa huwa na rangi ya maziwa mazito au manjano hafifu, na hunukia njugu pamoja na moshi kidogo, kwa sababu kokwa zake mara nyingi hukaangwa kabla ya kusagwa. Shangazi aliponusa kopo la pili alikunja uso akasema, "Mwanangu, haya yamekaa jikoni kwa nani?" Moshi haunisumbui. Ninachokikataa ni ule mnuko mkali wa mafuta ya kukaangia yaliyozeeka, maana mafuta yaliyokwisha kuchacha hayarudi. Manjano yaliyokolea sana nayo nayauliza, kwa kuwa Afrika Magharibi wapo wanaoyatia rangi kwa mizizi.

Mafuta ya Uganda ni laini kuliko ya Ghana, na katika joto la kaskazi kopo langu la Uganda hugeuka karibu uji. Hapo ndipo nilipokutana na chenga: mafuta huyeyuka mchana, yakaganda polepole usiku, na sehemu yake ngumu ikajikusanya katika punje kama za sembe. Hayajaharibika. Huyayeyusha taratibu kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, kisha nikayatia kwenye friji yagande haraka, na punje hazirudi.

Kwa ngozi, kiasi cha punje ya harage kinatosha visigino viwili. Nayasugua viganjani kwanza, halafu napaka mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwani kazi yake kubwa ni kuzuia unyevu usitoke. Visigino vilifunga kwa muda wa wiki tatu hivi. Usoni nimeyaacha, maana kwa jasho la Tanga yananielemea; na sikubaliani na wauzaji wanaodai kwamba yanatosha kukinga jua.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye sabuni. Nilikuwa na kipimo nilichokizoea, kilo moja ya mafuta ya nazi kwa gramu 174 za kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), kipimo ambacho huacha kama asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni ili ngozi isikauke mno. Nikapunguza nusu kilo ya nazi, nikaweka nusu kilo ya shea, na kostiki nikaiacha vilevile kwa kudhani kwamba mafuta ni mafuta. Kumbe gramu moja ya nazi huhitaji takriban gramu 0.183 za kostiki, ilhali ya shea huhitaji kama 0.128 tu. Mchanganyiko wangu ulihitaji gramu 155 au 156 hata kama nisingebakiza tone la mafuta, kwa hiyo kostiki ilizidi kwa karibu gramu 18. Vipande vilitoka vyeupe, vya kupendeza, lakini niliponawa, vidole viliwasha kama nimeshika chokaa mbichi.

Sikuvitupa. Nilivikwangua, nikavipasha kwa moto mdogo pamoja na maji kidogo na gramu 220 nyingine za shea, nikikoroga karibu saa mbili. Sabuni ikapoa ukali, ingawa ilikuwa na mabonge kama muhogo uliopondwa vibaya, na povu lake likawa la kubahatisha, kwa sababu shea ikizidi hulififisha povu.

Sasa kwa kilo moja ya mafuta naweka gramu 400 za nazi, 400 za mawese na 200 za shea, kwa gramu 147 za kostiki na 300 za maji. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, nami huvaa glavu na miwani. Na sufuria ni ya chuma kisichoshika kutu, kwani hizi zetu za alumini huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoshika moto. Vipande hukaa rafuni wiki nne hadi sita kabla ya kutumika.

Shangazi bado hupika mafuta yake ya nazi. Lakini kopo langu la Uganda silioni tena kabatini. Liko chumbani kwake, nyuma ya mtungi, penye baridi.