Tour ikiisha, Jumatano twende Chaam

Kila Tour de France, ile mbio kubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ikiisha nawaona watu wanaandika "ndo basi tena mpaka mwakani" na mi roho inaniuma kwa sababu kwangu raha nyingine ndo kwanza inaanza. Jumapili waendeshaji wanamaliza, kwa kawaida Paris, halafu Jumatano inayofuata baadhi yao wako Chaam, kijiji tu hapa Noord-Brabant kusini mwa Uholanzi, jirani na Breda, ukisogea kidogo ushaingia Ubelgiji. Mbio yenyewe inaitwa Acht van Chaam, ni kriteriumu, na ipo toka 1933.

Kwa ambae hajawahi kuona kriteriumu, ni mbio ya kuzunguka njia ileile mara nyingi, katikati ya makazi ya watu, barabara zimefungwa na pembeni kuna vizuizi vya chuma. Kwenye Tour unasubiri nusu siku kando ya barabara, wanapita vuuup, imeisha, unarudi nyumbani. Hapa wanarudi tena na tena, unamchagua mtu wako unamfuatilia raundi kwa raundi unaona sura inavyobadilika. Na kona jamani! Wa mbele anagusa breki kidogo tu anapita, ila wa nyuma kabisa wanabanana, wanafunga breki, kisha inabidi wachomoke kwa nguvu zote kuwafukuzia wenzao, na hiyo ni kila kona kila raundi, ndo maana mkiani watu wanachoka haraka kuliko mbele japo umbali ni uleule.

Sasa kuna wanaoidharau, eti mshindi amepangwa. Ni kweli, kriteriumu za baada ya Tour mara nyingi inakubaliwa mapema kwamba staa, mwenye jezi ya njano (ya anayeongoza Tour) au mtoto wa nyumbani aliyefanya vizuri, ndo atavuka mstari akiwa wa kwanza, na hapa wala si siri, hata bibi mwenye kiti chake pale kando anajua. Maproo, yaani waendeshaji wa kulipwa, wanalipwa kuja, mwenye jina kubwa analipwa zaidi. Lakini mi sioni kama tumeibiwa chochote. Kasi ni ya kweli, kona ni za kweli, na watu wamekuja kumwona bingwa kwa karibu, siyo kuhesabu pointi. Mtu aliyetoka kuendesha zaidi ya kilomita 3,000 kwa wiki tatu anakuja kupita mbele ya mlango wako, mtoto wako anamwita kwa jina, we unataka nini tena?

Na tukumbuke hizi mbio zilitoka wapi. Zamani mishahara ya waendesha baiskeli ilikuwa midogo, hela yenyewe ilikuwa huku vijijini. Ukifanya vizuri Tour, waandaaji wanakutafuta, unapata mialiko mfululizo, leo kijiji hiki kesho kile, usiku mko njiani kwenye gari. Jan Janssen alipoitwaa Tour ya 1968 kwa tofauti ya sekunde 38, Mholanzi wa kwanza kabisa, na Joop Zoetemelk alipofuata 1980, jezi ya njano ilikuwa na maana mpaka kwenye bajeti ya nyumbani. Wazee wa Brabant magharibi ukiwagusa tu wanakuanzia Wim van Est, mtu wao, aliyevaa njano 1951 halafu akatumbukia bondeni kule mlima Aubisque, Ufaransa, wakamvuta juu kwa matairi yaliyounganishwa kama kamba. Wanayasimulia kama ya jana.

Siku hizi mishahara imepanda, staa hana shida ya hizo hela, kwa hiyo kriteriumu zimepungua sana. Zilizobaki zinabebwa na wadhamini wa palepale, viingilio, na watu wanaojitolea kupanga vizuizi asubuhi na kufagia jioni. Hiyo ndo sababu kiingilio nalipa kwa moyo mweupe na hata chipsi na mayonesi nanunua palepale.

Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour, yaani mbio za siku tatu, na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi, 2025 Kigali wakaandaa mashindano ya dunia. Vipaji upande wetu vipo, ila kinachonigusa zaidi ni mambo madogo kama haya ya Chaam, mbio moja kila mwaka, siku ileile, kijiji kizima kinaijua. Natamani Moshi au Eldoret wawe nayo, mtaa mmoja wenye lami na kona nne unatosha kabisa.

Ukija Chaam njoo na baiskeli maana gari utahangaika pa kuliweka. Wahi, kabla hawajaanza ndo unaweza kuwaona kwa utulivu. Halafu usisimame kabla ya kona, simama mita chache baada yake, hapo ndo wananyanyuka kwenye siti wanakanyaga.