Seva inapokataa barua halali: uhakiki wa mtumaji kwenye Postfix

Ukiweka kanuni ya reject_unverified_sender, Postfix (programu ya seva ya barua pepe) haipokei barua mpaka iulize seva ya domeni husika kama anwani ya mtumaji ipo. Inataja MAIL FROM (anayetuma), kisha RCPT TO (anayepokea, yaani anwani inayohakikiwa), halafu inaaga bila kutuma ujumbe. Shida ni kwamba unategemea seva ya mwenzako iwe imepangwa sawasawa. Nyingi hazijapangwa, hasa mifumo ya ankara inayotuma kwa jina la www-data@ au noreply@ isiyo na kisanduku.

Kabla ya kulaumu mtu, uliza mwenyewe. Tafuta seva yao ya kupokea barua (MX) kwa dig +short MX mfano.example, ingia kwa telnet kwenye mlango wa 25, kisha andika:

EHLO seva.yako.example
MAIL FROM:<>
RCPT TO:<ankara@mfano.example>
QUIT

Ukijibiwa 550 (imekataliwa), rudia ukitumia anwani yako halisi kwenye MAIL FROM. Ikipita, basi wanakataa mtumaji mtupu (MAIL FROM isiyo na anwani), kinyume kabisa cha RFC 5321, yaani kanuni rasmi za SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe. Isipopita, huenda kisanduku hakipo. Jibu la 450 au 451 mara nyingi maana yake ni ujaribu tena baadaye. Hata 250 (imekubaliwa) isikudanganye, kuna seva zinazokubali jina lolote.

Kosa linaweza kuwa kwako pia. Inapouliza, Postfix hujitambulisha kama double-bounce@ ya domeni yako. Kama MX yako ni mashine nyingine isiyolijua jina hilo, na mwenzako naye anahakiki, mtabaki mkikataana. Weka anwani inayopokea kweli kwenye address_verify_sender.

Kwa domeni sugu, andika "mfano.example OK" kwenye /etc/postfix/wasamehewe, endesha postmap hash:/etc/postfix/wasamehewe, kisha panga smtpd_recipient_restrictions hivi:

permit_mynetworks,
reject_unauth_destination,
check_sender_access hash:/etc/postfix/wasamehewe,
reject_unverified_sender

Mpangilio huo usiuvuruge: OK ikitangulia reject_unauth_destination, anayeghushi domeni hiyo anaweza kupitisha spamu kwako, kama smtpd_relay_restrictions haijaziba njia hiyo.

Binafsi sipendi kuhakiki kila mtu. Domeni zinazoghushiwa mara kwa mara zinatosha. Anza na warn_if_reject mbele ya reject_unverified_sender, ili iandike onyo tu bila kukataa, usome logi kwanza. Na mwenzako akisharekebisha, barua zinaweza kuendelea kukataliwa: jibu baya hukaa kwenye kache (kumbukumbu ya majibu ya awali), na kwa kawaida Postfix haiulizi upya mpaka zipite saa 3.